Safu Mbili, Sufuria Moja

Fungua daftari la sayansi la mwanafunzi wa Kilangali, wilayani Kilosa. Liwe la darasa la saba au la kidato cha kwanza, ni nadra kukosa ukurasa mmoja uliogawanywa katikati kwa rula. Kushoto kuna mabadiliko ya kiumbo, kulia mabadiliko ya kikemikali, na chini ya vichwa hivyo sentensi zinashuka mbili mbili mpaka mwisho wa karatasi. Mtoto akimaliza shule ya msingi, aliposoma kwa Kiswahili, akaingia sekondari na kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza, ukurasa huo unahama naye. Maneno yanageuka, mstari unabaki palepale.

Vitabu vya sayansi huhakikiwa kwa swali moja tu, kama yaliyoandikwa ni sahihi. Umbo lake halisomwi na mtu, kana kwamba jedwali ni meza tupu na maarifa yamewekwa juu yake. Lakini jedwali la tofauti ni utanzu kamili. Lina kanuni zake, lina urembo wake, na lina mambo ambayo haliwezi kuyasema hata mwalimu akilisihi.

Tuanze na urembo. Kila sentensi ya kulia ni sentensi ya kushoto iliyokanushwa, au kinyume chake. Kitu hurejeshwa kwa urahisi. Kitu hakirejeshwi kwa urahisi. Dutu mpya haitokei. Dutu mpya hutokea. Uzito haubadiliki, uzito hubadilika. Joto linalotoka au kuingia ni dogo. Joto ni jingi. Huu ni usambamba wa hali ya juu, na aliyelelewa na mashairi ya arudhi atautambua mara moja: kushoto ni ukwapi, kulia ni utao, mizani inakaribiana, na vina, kama si vya sauti, ni vya maana. Ndiyo maana jedwali linakaririka. Mtoto anaweza kulala nalo, akaamka nalo, akaliandika kwenye karatasi ya mtihani bila kukosa mstari.

Tofauti ni kwamba katika shairi ukwapi hauishi peke yake. Wazo linaanzia upande mmoja, linavuka, linamalizikia upande wa pili, na pale linapovuka ndipo utamu ulipo. Jedwali linakataza kuvuka. Mstari wake wa wima hausemi tu kwamba mambo haya mawili yanatofautiana. Unasema kila badiliko duniani lina upande wake na haliruhusiwi kusimama katikati. Hakuna sentensi yoyote ya jedwali inayotamka hivyo. Linalotamka ni umbo, na umbo halipimwi mtihani, kwa hiyo halihojiwi.

Soma tena ile sentensi ya kwanza. Kurejeshwa kwa urahisi: nani anarejesha? Kwa chombo gani, kwa muda gani, kwa gharama ya nani? Mtendaji amefutwa. Urahisi umebaki bila mwenyewe, kana kwamba ni sifa ya kitu chenyewe kama rangi yake au uzito wake. Na jedwali linaumbuliwa na mifano yake yenyewe. Karibu kila orodha ya mabadiliko ya kiumbo ina chupa inayovunjika. Ni kweli, vigae vya chupa ni kioo kilekile. Lakini mwambie mtu airejeshe chupa hiyo kwa urahisi. Atahitaji tanuru la zaidi ya nyuzi joto 1,000, na huko Kilangali halipo. Upande wa pili, chukua mrututu, yale mawe ya buluu ambayo bibi zetu waliyasaga kutibu vidonda. Yapashe moto: maji yaliyofungwa ndani yake yanatoka, buluu inapotea, unabaki unga mweupe. Dondoshea maji, buluu inarudi hapohapo. Mwalimu wa kemia huutumia unga huo kupima kama kimiminika kina maji, na analihesabu kuwa badiliko la kikemikali, ingawa mtoto yeyote anaweza kulirudisha kwa tone moja. Sentensi ya kwanza ya jedwali imefeli pande zote mbili, na bado inakaririwa.

Ya uzito ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu inapingana na jambo lililoijenga kemia yenyewe. Antoine Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alisimama juu ya hoja kwamba jumla ya uzito kabla ya badiliko na baada yake ni ileile, mradi umepima kila kilichoingia na kila kilichotoka. Kuni zinaungua, majivu ni kiganja kimoja, mwanafunzi anaandika kwamba uzito umepungua. Haukupungua. Umepaa kama hewa ya kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na hakuna aliyeupima. Chuma nacho kinaongezeka: gramu 112 zikigeuka zote kuwa oksaidi nyekundu zinafika takriban 160, na zile 48 zilizozidi ni oksijeni ya hewani. Sentensi ya jedwali ingekuwa kweli kama ingetaja uzito wa kipande ulichokishika mkononi. Lakini maneno hayo ya ziada yangeharibu mizani, na mizani ndiyo iliyoshinda.

Joto nalo? Kilo moja ya maji iliyokwisha kuchemka inahitaji takriban kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke wote, mara saba hivi ya joto lililotumika kuyatoa maji hayo nyuzi 25 mpaka yakachemka. Hilo ni badiliko la kiumbo, limo safu ya kushoto, safu ya joto dogo. Anayenunua mkaa wa kupikia maharage anajua kwamba si dogo.

Sasa niliondoe jedwali ubaoni nilipeleke jikoni, kwa sababu Kilangali ni nchi ya mpunga. Majaruba yapo, na lipo shamba la mbegu la Serikali chini ya Wakala wa Mbegu za Kilimo. Tuseme mchele wenyewe ni wa SARO 5, ambayo wataalamu wanaiandika TXD 306. Umepetwa, umechambuliwa, umeoshwa, uko kwenye sufuria na maji, chumvi na mafuta.

Chumvi inapotea ndani ya maji. Safu ya kushoto, bila ubishi. Maji yanachemka, mvuke unagonga mfuniko, unarudi kuwa matone na kudondoka. Kushoto tena. Chini ya sufuria mkaa unaungua, kaboni inashikana na oksijeni: kulia. Mpaka hapa jedwali linatamba.

Kisha angalia punje. Ndani yake kuna wanga, nao ni minyororo mirefu ya glukosi ya namna mbili, amilosi iliyonyooka na amilopektini yenye matawi. Kwenye mchele mkavu minyororo hiyo imebanana kiasi kwamba maji baridi hayapenyi vya kutosha. Ndiyo sababu mchele ulioloweka usiku kucha haujawa wali asubuhi. Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 80 hivi, kutegemea aina ya mpunga, vifungo hafifu vinavyoishikiza minyororo kwa ubavu vinalegea. Maji yanaingia, chembe za wanga zinavimba, punje inalainika na kuongezeka ukubwa. Vile vifungo vikali vinavyounga glukosi moja na nyingine ndani ya mnyororo havijakatika. Wanga ni wanga uleule. Kwa sentensi ya pili ya jedwali, dutu mpya haijatokea, basi wali ni kushoto. Kwa sentensi ya kwanza, hakuna binadamu aliyewahi kuurudisha wali kuwa mchele. Uanike juani siku nzima utapata kitu kigumu ambacho si mchele, basi wali ni kulia. Madaftari mengi yanaandika kuwa kupika ni badiliko la kikemikali na kusonga mbele haraka, kama mtu apitaye karibu na nyumba anakodaiwa.

Sufuria haijamaliza. Maji yakikauka chini, joto la pale linavuka nyuzi 100, na wanga, sukari na protini zilizogusa chuma zinaanza kumenyuka. Rangi inageuka ya dhahabu, halafu kahawia, harufu inatoka ambayo haikuwamo kwenye mchele wala kwenye maji. Huo ni ukoko, na watoto wanaogombania ukoko wanagombania safu ya kulia ya jedwali. Ukicheleweshwa unakuwa mweusi, karibu kaboni tupu, na hapo hakuna anayeugombania.

Asubuhi kuna kiporo. Usiku, wali ulipopoa, minyororo ya wanga iliyokuwa imetawanyika ilianza kujipanga tena ubavu kwa ubavu, ikasukuma maji pembeni, ndiyo sababu kiporo ni kigumu na kikavu mdomoni. Kipashe moto na maji kidogo kinalainika, kwa sababu sehemu ya mpangilio huo mpya inavunjika tena. Kumbe lile badiliko lililosemwa halirudi lilirudi nusu njia usiku, tena kwa mpangilio ambao si ule wa mwanzo, na likageuka mara nyingine asubuhi. Jedwali halina pa kuandika nusu njia. Halina hata pa kuandika usiku.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya utanzu, mbali na kasoro ya sentensi moja moja. Jedwali la tofauti halina wakati. Vitenzi vyake vyote viko katika hali ya mazoea: hurejeshwa, hutokea, hubadilika. Kiambishi hu- hakina jana wala kesho, hakina kwanza wala halafu. Kwa methali kinafaa sana. Kwa kemia kinabana, maana kemia ni elimu ya kitu kilichokuwa hivi kikawa vile, na kati ya hivi na vile kuna njia. Ukihitaji njia, andika masimulizi: punje moja, moto mmoja, nini kilianza, nini kilifuata. Mtoto wa darasa la sita anaweza kusimulia mapishi ya wali kwa mpangilio usio na dosari. Akifika darasani tunampa umbo lisiloruhusu asimulie.

Mlinganyo wa kikemikali una adabu kubwa zaidi. Chukua mbolea. Urea ikiingia kwenye jaruba lenye maji, vimeng'enya vya vijidudu vya udongo vinaifanyia kazi hii: CO(NH₂)₂ + H₂O → 2NH₃ + CO₂. Hesabu: kaboni moja na moja, naitrojeni mbili na mbili, haidrojeni sita na sita, oksijeni mbili na mbili. Hakuna kilichoibwa. Huu mstari una pande mbili kama jedwali, ila katikati yake pana mshale, na mshale unaruhusu kuvuka. Ndiyo kazi yake pekee. Mwaka 1884 J. H. van 't Hoff aliutumia mshale wa pande mbili kwa mabadiliko yanayokwenda na kurudi kwa wakati mmoja, na kwa alama hiyo ndogo akaisahihisha ile sentensi ya kurejeshwa kwa urahisi kabla jedwali letu halijachorwa ubaoni.

Mlinganyo nao una siri zake. Haukuambii kazi hiyo inachukua siku chache, wala kwamba juani, maji ya jaruba yakiwa na mwani, amonia nyingi inaweza kuruka hewani kabla mzizi haujaiona. Mkulima anayekuzia mpunga kwa kurusha urea juu ya maji mchana anaweza kuwa ananunulia hewa mbolea. Ndiyo maana huko Bangladesh wakulima wengi walifundishwa kuzika vidonge vikubwa vya urea kwenye tope badala ya kuitawanya juu. Na kabla ya hayo yote kuna tukio dogo ambalo yeyote aliyewahi kuyeyusha urea kwenye ndoo analijua: maji yanapoa ghafla mpaka mkono unashtuka. Urea inayeyuka tu, badiliko la kiumbo, na inanyonya joto waziwazi. Kitendo kimoja cha mkulima, kutoka kwenye mfuko mpaka kwenye mzizi, kimepita safu ya kushoto, kikaingia ya kulia, na hakuna aliyeona mstari.

Nilitaja mfuko. Nadhani ndio maandishi ya kemia yanayosomwa kuliko yote vijijini, kuliko kitabu chochote cha shule, na umbo lake linastahili dakika moja. Namba tatu na vistari: 46-0-0. Sifuri mbili zile ni uaminifu wa aina yake. Mfuko unatangaza usichonacho, fosforasi hakuna, potasiamu hakuna. Kilo 50 za urea zina kilo 23 za naitrojeni, hesabu imenyooka. Geukia mfuko wa mbolea ya DAP, 18-46-0. Mtu atasoma kwamba asilimia 46 ni fosforasi, na atakuwa amesoma kama umbo linavyomwelekeza. Sivyo. Kwa desturi ya wapimaji wa karne ya 19, namba ya pili huhesabiwa kama oksaidi, P₂O₅, na fosforasi yenyewe ni asilimia 20 hivi. Kwenye mfuko wa kilo 50 ni kilo 10, si 23. Naitrojeni imeandikwa kama elementi, jirani yake imeandikwa kama kampaundi, na kistari kati yao kinajifanya zinapimwa kwa kipimo kimoja. Hakuna uongo hapo, kila mtaalamu anajua. Lakini mfuko haukununuliwa na mtaalamu.

Nisionekane kama mtu anayechukia majedwali. Jedwali kubwa kuliko yote katika kemia ni la Dmitri Mendeleev la mwaka 1869, na ubora wake ni wa kiumbo kabla haujawa wa kitu kingine. Elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa zaidi kidogo ya 60. Leo ni 118. Mendeleev alizipanga kwa uzito wa atomi na kwa tabia, na pale mpangilio ulipokataa hakulazimisha elementi ikae pasipo pake. Aliacha nafasi tupu, kisha akatabiri tabia za zile zisizokuwapo. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu 1879, jerimaniamu 1886, kila moja ikakaa kwenye kiti kilichokuwa kikiisubiri. Kwa galiamu kuna kisa kitamu. Mfaransa aliyeigundua, Lecoq de Boisbaudran, alipima msongamano wake akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika, akaandika kwamba namba inapaswa kuwa karibu 5.9, apime upya. Mfaransa akasafisha sampuli yake vizuri zaidi, akapima, akapata 5.9.

Jedwali hilo lina tupu, na tupu zake ziliuliza maswali. Jedwali la safu mbili halina tupu hata moja. Kila mstari umejaa pande zote, na wali haujaachiwa kiti. Mwalimu angeweza kuuacha mstari mmoja wazi, akaandika kupika wali upande wa chini, akasubiri ubishi. Najua jibu litakalokuja: mtihani hautoi alama kwa ubishi. Ni kweli, na hapo tatizo linahama kutoka kwa mwalimu.

Je, basi hakuna mstari kabisa? Upo. Pita Kilosa wakati wa kiangazi uone tanuri za matofali. Tofali lililokauka juani ni gumu, linabebeka, linajengewa. Liloweshe, linarudi kuwa tope, tope unaweza kulifinyanga tena. Wilaya hii ilionyeshwa jambo hilo kwa ukali kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipofurika, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Ukuta wa udongo usiochomwa hauna cha kuyaambia maji ya namna ile. Lakini tofali likipita nyuzi 500 au 600 hivi, maji yaliyokuwa sehemu ya muundo wa udongo wenyewe, si yale ya kuloweshea, yanatoka, na mpangilio wa atomi unavunjika. Joto likizidi, chembe zinaanza kushikamana, chuma kilichomo kinakamata oksijeni, wekundu unakolea. Kutoka hapo mafuriko hayalirudishi kuwa tope tena.

Huo ndio mstari, na haukupigwa kwa rula. Unapita ndani ya tanuri, umepinda kufuata moto. Karibu na midomo ya kuni matofali yameungua mpaka mengine yameyeyuka pembe na kugandana, katikati yameiva, pembeni na juu, ambako upepo ulipora joto, yamebaki rangi ya udongo. Wengine huongeza pumba za mpunga kama nishati, na pumba zikiungua zinaacha takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wake kama majivu, karibu yote silika, ile ambayo mpunga uliinyonya jarubani. Tanuri likipoa, mnunuzi anachukua matofali mawili na kuyagonganisha. Linalolia kama chuma analipanga kwenye mzigo wake. Linalotoa sauti ya mbao analirudisha kwa fundi, na fundi atampunguzia bei alitumie kwenye ukuta wa ndani, au atalitunza alichome na tanuri lijalo.